Ngozi Kumi na Mbili, Kutoka Ipinda Hadi Lupingu

Tangu nirudi nimesimulia habari hii mara nyingi mno, na kila mara kuna mtu ananikatiza katikati kutaka kujua ya mwisho. Sasa nimekaa chini nimeiandika. Anayetaka aisome yote, asije kunisumbua kazini. Shule niliiacha darasa la tatu, mwandiko wangu unapanda na kushuka, lakini kazi ya mikono yangu mnaijua.

Kwa asiyenijua, mimi nasindika ngozi kwa magome hapa Ipinda, mwaka wa thelathini na kitu sasa. Alinifundisha mzee mmoja wa Busale aliyenifukuza mara mbili kabla ya kunikubali. Ngozi mbichi inalala kwenye maji ya chokaa na majivu mpaka manyoya yalegee. Inakwanguliwa, inaoshwa, inalala tena kwenye maji ya pumba za mpunga yaliyochacha, ndipo inaingia kwenye maji ya magome ya miwati ninayoletewa kutoka milimani. Maji mepesi kwanza, makali baadaye. Mwenye haraka anaanza na makali, na ngozi inamfungia mlango: nje imeiva, ndani mbichi, mwaka unaofuata inaoza ikiwa kiunoni mwa mtu. Kwangu ngozi ya ng'ombe inakaa miezi sita, na inakaa ndani ya vyungu, vile vikubwa vya Wakisi, wafinyanzi wa kando ya ziwa. Pipa la plastiki nililijaribu, likapata joto na maji yakanuka. Chungu kinatoa jasho, maji yanabaki baridi. Pipa la chuma ndiyo usiseme kabisa. Chuma kikigusa ngozi ya magome yenye maji, inaingia weusi kama umeimwagia wino. Ndiyo maana mwiko wa kazi yangu ni mmoja tu: chuma kikae mbali na ngozi iliyolowa.

Sasa wanangu walikuwa wamechoka. Uwanja mzima vyungu, harufu mpaka kanisani, na wateja wa mikanda wanapungua kwa sababu watu wananunua ya madukani. Walitaka nipande kakao. Ndipo akanipigia simu Mwalimu Rehema, mama mmoja wa Tanga anayefundisha ushonaji wa ngozi kwenye chuo kidogo cha ufundi kule Lupingu. Alikuwa ameuona mkanda wangu kiunoni mwa msafiri. Akasema chuo kinatafuta mtu wa kukiletea ngozi ya mikoba na viatu vya kushona kwa mkono, na Ijumaa ataziweka ngozi mezani achague: ya kiwandani, ambayo wameshaletewa, au yangu.

Nilisema mbele ya watu wote wa nyumbani kwamba akiikataa yangu, nitavivunja vyungu vyote kwa mkono wangu na kakao yao wapande. Mke wangu, Mama Tumpe, akasema, "Baba Tumpe, maneno mengine uwe unayaacha mdomoni." Lakini yalikuwa yameshatoka.

Ipinda hadi Itungi, kisha Ipinda tena

Niliondoka Jumatatu na vipande kumi na viwili, nimevizungushia mkeka na kufunga kwa kamba ya mgomba. Mama Tumpe alinifungia wali na samaki kwenye majani, akaniambia niulize kwanza vyombo vya kwenda kusini siku hizi vinaondokea wapi. Nikamwambia mimi nilipanda meli Itungi yeye akiwa bado anacheza rede. Mtu aliyekwisha kupanda meli haulizi njia.

Itungi nilikuta maji, matete, na mama mmoja anakaanga samaki. Nikakaa juu ya mzigo wangu. Baada ya muda mrefu akaja na kigoda.

"Shikamoo baba. Unasubiri nini?"

"Marahaba. Nasubiri meli."

"Meli ipi?"

"Inayokuja."

Akanitazama, akatazama ziwa, akaniwekea kigoda vizuri kwenye kivuli. "Basi kaa, baba. Mimi yangu naisubiri tangu niolewe."

Alinionea huruma, akanieleza kwamba kwa mtu wa Lupingu mwenye mzigo kama wangu ni heri kwenda Matema kutafuta boti la injini. Nilikula samaki wake wawili kwa hasira. Walikuwa wazuri sana, na hilo likaniongezea hasira.

Sasa mnaijua njia. Kutoka kule kwenda Matema lazima upite Ipinda. Nikapanda pikipiki, mzigo mgongoni, na Mama Tumpe alikuwa amesimama barabarani ananunua nyanya. Nilimwambia dereva asisimame. Nilitazama mbele kama mtu anayekwenda Ulaya. Huku nyuma nilisikia akina mama wakicheka, na yeye ndiye alianza.

Matema

Jumanne nzima ilikwisha mchangani. Boti lilikuwepo, ila mwenyewe, Ambakisye, alikuwa anangoja mzigo wa mchele, na mchele ulikuwa unangoja gari, na gari lilikuwa linangoja tairi. Ambakisye ni mtu wa makamo, ana taulo shingoni wakati wote, na anapenda kuuliza. Aliniuliza kabila, ukoo, watoto, na kwa nini sina meno mawili. Mwisho akauliza habari za mzigo.

"Mugonile, tata," akaniamkia kwa kilugha, yaani hujambo baba. "Humo ndani kuna nini?"

"Ngozi."

"Zinaogopa maji?"

Hapo ndipo nilipoikosea safari yangu. Jibu lilikuwa fupi. Ningesema: maji kidogo si neno, bali usiziweke karibu na chuma. Lakini nilikuwa bado na hasira za Itungi, na mimi kazi yangu huwa siielezi kwa kila anayeuliza. Nikamjibu, "Wewe endesha boti."

Akasema sawa, akaenda zake. Hakununa hata kidogo, na baadaye hilo ndilo liliniuma zaidi.

Majini

Tuliondoka Jumatano asubuhi, maji yametulia kama mafuta. Milima ya Livingstone imesimama juu yetu upande wa kushoto. Kwenye boti kulikuwa na mchele, chumvi, kuku wa mtu, na mabati ya zamani ya mtu aliyekuwa anakwenda kuezekea jiko. Hatujafika mbali, wingu likashuka kutoka mlimani kwa ghafla na upepo ukageuka. Mimi ni mtu wa mpunga. Ziwa nalijua kwa kulitazama. Kwa kifupi niliinamisha kichwa kwenye ndoo na sikukiinua tena.

Mvua ilipiga sana. Ambakisye aliona si salama kuendelea, akakata kuelekea Ikombe, kijiji cha Wakisi ambacho hakiko mbali na Matema. Safari ya siku nzima ikakatika kabla haijaanza. Tulipovuta boti nchi kavu aliniambia kwa furaha nisiwe na wasiwasi, mzigo wangu ameutunza kuliko mchele wake mwenyewe.

"Umeutunzaje?"

"Nimeufunika na mabati, tata. Juu na chini."

Nilitembea kwenda kwenye boti kama ninayekwenda kutambua maiti. Mabati yale yalikuwa na kutu ya miaka, maji ya mvua yalikuwa yanapita kwenye kutu na kuingia kwenye mkeka. Nikafungua. Rangi ya ngozi zangu ni ile ya chai ya maziwa iliyokolea, na nilikuwa nimechagua zisizo na kovu la kupe wala alama ya mjeledi. Sasa zilikuwa na michirizi na mabaka meusi, kama mtu amezipigia vidole vya masizi. Kumi na mbili zote. Ile ya juu kabisa, mgongo wa ng'ombe, unene wa kidole, ndiyo ilikuwa haitazamiki.

Ambakisye akauliza kama ni ukungu. Nikamweleza sasa, nikiwa nimechelewa, habari yote ya magome na chuma. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika taulo lake.

"Tata," akasema, "mimi nilikuuliza."

Kweli aliniuliza.

Ikombe

Mawimbi yalitufungia pale siku mbili. Tulipokelewa na mama mfinyanzi anaitwa Mama Subi, ambaye vyungu vyake ninavyo nyumbani kwangu karibu vyote. Nimevinunua kwake mnadani miaka mingi, navigonga kwa kidole, navikosoa, tunabishana, kila mtu anakwenda zake. Kwake sikuwahi kufika. Aliponiona akaita wenzake, wakaja na mikono yenye udongo, wakanitazama kwa upole wa ajabu. Mmoja akaniuliza kama siku hizi nimepunguza.

"Nimepunguza nini?"

Wakatazamana. Ndipo ikajulikana. Vyungu vikubwa vile ni vya pombe. Mtu anayenunua vinne kila mwaka, na hapiki pombe ya kuuza, maana yake ni nini? Wanawake wa Ikombe walikuwa wananiombea kwenye ibada zao, kwa jina la mzee mlevi wa Ipinda. Miaka yote hiyo. Na mimi ni mzee wa kanisa, bia sijaonja tangu ndoa yangu ibarikiwe.

Nikawaonyesha ngozi. Nikawaambia hivi ndivyo vyungu vyenu vinavyopika. Mama Subi alichukua kipande cha mbuzi, akakikunja, akakinusa, akakivuta, akauliza kuhusu yale mabaka. Nilipomweleza, hakupiga kelele za kunipa pole. Akauliza, "Nguo ikishika kutu unafanyaje?"

"Mama Tumpe anaisugua kwa limau."

"Basi malimau yanaoza huko nyuma ya nyumba. Unangoja nini, mlevi?"

Kwa kweli sikuwahi kujaribu. Miaka thelathini nimelikimbia tatizo hilo kwa kukimbia chuma, sikuwahi kutafuta dawa yake. Tulianza na pembe moja, ili tukiharibu tuharibu padogo. Niliilowesha ngozi yote kwanza ili isiachwe na alama ya maji, nikakata limau, nikasugua polepole. Weusi ukawa kijivu. Nikasugua tena. Kijivu kikaondoka, rangi ya chai ikarudi kama mtu anayefungua macho. Niliomba kiti nikakaa.

Alhamisi nzima ilikuwa kazi. Wanawake wanne wa ufinyanzi, mimi, na Ambakisye mwenye boti, ambaye alisugua kuliko wote na hakuna aliyemlazimisha. Baada ya limau tulisuuza kwa maji mengi ya ziwa, kwa sababu limau likibaki ndani linakausha ngozi ikapasuka. Kisha nikazikandamiza kwa kiganja upande wa nyama kutoa maji, tukazitandaza juu ya mikeka kivulini, kwenye banda la kukaushia vyungu, ambapo upepo unapita na jua halifiki. Zilipobakiza unyevu kidogo nikazipaka mafuta ya samaki aliyotupa Mama Subi, tone kwa tone, kwa kitambaa. Mchana tulikula ugali wa muhogo na usipa, dagaa wa ziwa letu, wa kukaanga, mikono inanuka limau, na waliniambia nyimbo walizokuwa wanaimba wakiniombea. Nyingine zilikuwa kali.

Kumi na moja zikapona. Ule mgongo mnene haukupona. Kutu ilikuwa imeingia ndani sana, tulisugua mpaka malimau yakaisha na mabaka bado yanatucheka. Ambakisye akashauri tuiache. Na mimi kiburi changu hakikubali kwenda na kumi na moja wakati nilisema kumi na mbili.

Nikawaza hivi: weusi huu si uchafu, ni rangi. Ubaya wake ni kwamba umejipaka wenyewe bila mpango. Nikaomba kipande cha bati lile lile lenye kutu na machicha ya pombe iliyochacha. Pombe ilipatikana nyumba ya tatu, na walinitazama vibaya kidogo nilipoiomba. Nikalowesha kutu humo tangu mchana mpaka jioni, nikachuja, nikapaka mgongo ule wote, sawasawa, mara tatu. Uligeuka mbele ya macho yao. Ukawa mweusi wa moja kwa moja, mweusi wa ndani, si wa kupakwa juu. Nikausuuza vizuri na kuupaka mafuta. Mama Subi alisema unafanana na chungu kilichotoka motoni kikiwa kimekubali.

Lupingu

Ijumaa alfajiri ziwa lilitulia. Ambakisye aliuliza ngozi ziwekwe wapi, nikamwonyesha kwa maneno mengi na kwa adabu. Juu ya mchele, mbali na injini, mbali na nanga, mbali na mabati. Tulipita vijiji vya pwani kimoja kimoja, kila tunapotua yeye anasimulia habari ya limau kwa watu wanaoshusha mizigo, na kila anaposimulia malimau yanaongezeka.

Tulifika mchana umeshapita. Nikapanda kile kilima cha chuo na mzigo kichwani, nimekataa kusaidiwa, pumzi inakatika. Mlinzi akasema Mwalimu ameshamaliza kuangalia. Nikautua mzigo chini. Kisha akaongeza kwamba amekwenda kuswali, akirudi ndipo atasaini karatasi. Nikamwambia alipaswa kuanza na hayo ya kuswali.

Mwalimu Rehema ni mwembamba, anavaa miwani, hana maneno mengi. Alinipa shikamoo, akaniuliza nimechelewa wapi, nikasema Ikombe. Mezani kulikuwa na ngozi ya kiwandani. Nasema kweli, ilikuwa laini kuliko yangu, imenyooka, rangi moja kote. Niliishika na moyo ukashuka.

Yeye akachukua kisu. Alikata ncha ya ile ya kiwandani, akanionyesha: juu kahawia, katikati kijivu cha bluu. Akakata ncha ya yangu: kahawia juu, kahawia katikati, kahawia chini. Akasugua ukingo wa kila moja kwa kijiti na maji kidogo. Ya kiwandani ikabaki na nyuzi nyuzi. Yangu ikafunga, ikang'aa kama pembe ya ng'ombe. Akalowesha kipande cha kila moja, akakikandamiza juu ya kikombe cha mti, akafunga kwa uzi, tukanywa chai na mihogo. Alipofungua, ya kiwandani ilirudi ikawa bapa. Yangu ilikaa umbo la kikombe, ungeweza kunywea.

Akachoma ncha mbili kwenye mshumaa. Ya kiwandani iliwaka upesi. Yangu iliungua kwa shida, inanuka nywele na moshi wa kuni, jivu la kijivu. Wanafunzi wake walikuwa wamejaa mlangoni.

Kisha akaufikia mgongo mweusi. Aliukata, akatazama, akautazama tena.

"Mzee, hii umetumia rangi gani?"

Hapo ningeweza kudanganya. Ningesema ni siri ya ukoo, na angeamini. Lakini aliyeiharibu safari ni mimi mwenyewe, na kama ningedanganya hata hapo ningekuwa sijajifunza kitu. Nikamweleza yote, Itungi, jibu nililompa Ambakisye, mabati, malimau, hata maombi ya wanawake wa Ikombe. Alisikiliza bila kucheka mpaka kwenye maombi.

"Na ukitaka kuifanya tena, bila mvua, unaweza?"

"Kwa kutu na pombe, kila ninapotaka."

Alirudisha ngozi ya kiwandani kwenye mfuko wake, akaufunga, akausogeza pembeni ya meza. Akaandika jina langu kwenye karatasi, akaniuliza linaandikwaje. Nililiandika mwenyewe.

"Ngozi ya rangi ya chai kwa viatu na mikanda," akasema. "Nyeusi kwa mikoba. Na hao vijana wangu utawafundisha, hata kwa kuwatukana."

Nikamwambia kutukana ndiyo sehemu ninayoijua zaidi.

Kurudi

Sikujua Ambakisye amefanya nini mpaka tulipoanza kurudi. Kwenye kila kijiji, tukiwa bado tunakwenda na Mwalimu hajaamua lolote, alikuwa amesema mzee wa Ipinda ndiye anayewapa ngozi watu wa chuo, na asitupe mtu ngozi yake, aitie chumvi amngoje. Watu wa pwani ile wakichinja mbuzi ngozi wanawarushia mbwa au wanaziacha paani. Sasa walikuwa wamesimama majini mpaka magotini, wamebeba ngozi zimekunjwa, nyingine za sikukuu iliyopita, zimekauka kama mbao. Boti lilinuka mpaka kuku wakanyamaza. Bwana mmoja mwenye shati jeupe, mtumishi wa serikali nadhani, alihamia mbele kabisa, akaniuliza kama sioni haya. Nikamjibu hapana, na kama ana mbuzi nyumbani tuzungumze.

Ikombe nilishuka kidogo. Mama Subi alisoma karatasi ile yote kwa sauti mbele ya wenzake, na sehemu ya jina langu akaisoma mara mbili. "Ndaga fijo," nikamwambia, asante sana ya kwetu, na nilimaanisha.

Nilifika Ipinda Jumapili watu wanatoka kanisani, pikipiki mbili zimejaa ngozi mbichi, na mara hii niliwaambia madereva wasimame katikati ya barabara. Nikatoa karatasi. Mama Tumpe alichukua karatasi, akasoma. Akaikunja, akaiweka kifuani. Alitazama ngozi zile, kisha akaingia uwanjani, akapita chungu kimoja kimoja, akifunua vifuniko na kuchungulia, wanangu wanamfuata nyuma. Alipofika cha mwisho akajifuta mikono.

"Baba Tumpe," akasema, "vyungu havitoshi."